Mishi, Mke Mwenzangu Niliyekusingizia

Mishi, dada yangu,

Bakari amelia. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliniuliza kwanza. Ulipofariki, mume wetu hakutoa chozi. Alipokea mikono ya watu, akabeba jeneza pamoja na wenzake, akarudi, akakaa kitako barazani kama mtu anayengoja kuitwa. Miezi mitatu hakulia. Juzi amelia, nami nitakueleza ilivyokuwa, lakini nina mengine ya kukwambia kabla ya hapo.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuoni nikiwa mtoto. Wewe hukujua kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa nikikusomea. Najua maiti hasomi barua. Kinachomfikia ni dua, na dua nakuombea kila nimalizapo kuswali. Lakini dua ni maneno yangu kwa Mungu. Haya ni yako, na mengine sikuwahi kukwambia sawasawa ulipokuwa hai, maana kila nikianza ulikuwa ukisema, "Yashapita hayo, Dada Siti, hebu nipe huo mwiko."

Ulipoletwa nyumbani kwetu hapa Likoni, mimi nilikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa na mtoto mmoja tu, Hamisi. Nilinuna. Siku saba sikukupa neno ila salamu. Siku ya nane ulikuja jikoni kwangu ukasimama mlangoni na leso yako kichwani, ukasema, "Dada Siti, mimi mchuzi wa papa siujui, na yule bwana ameutaka leo. Nikimpikia maji matupu atanirudisha kwetu Mtongwe. Wewe utafurahi, lakini mimi nitaona haya."

Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tangu hapo kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, ulinisuka. Nilikaa mkekani, kichwa changu kati ya magoti yako, nawe ukinipa habari za Likoni nzima. Nywele zangu wakati ule zilikuwa nyingi. Ulikuwa ukilalamika vidole vyauma, kisha ukinisukia mtindo mgumu kuliko wa Ijumaa iliyopita.

Halafu ukaja ule mwaka. Vita vilikuwa vimekaza. Kwanza mama yangu akafa. Kabla sijamaliza kumlilia, mwenye kiwanja akakitaka kiwanja chake, tukavunja nyumba na kubeba fito na mlango mpaka huku nyuma ya msikiti. Hatujakandika hata ukuta wa pili, Hamisi akaja kuniaga amekwisha kunyolewa. Alikuwa amejiandikisha Keya, jeshi la Mwingereza, hakuniuliza. Nilimpikia, nikamfungia mahamri kwenye kitambaa, nikamsindikiza mpaka feri. Barua zake zilikuja, moja, mbili, tatu. Ya mwisho ilisema wanapelekwa Bama, kupigana na Wajapani. Baada ya hiyo, kimya.

Mwezi wa kwanza nilisema meli zimechelewa. Mwezi wa pili nilisema karatasi zimewaishia. Mwezi wa tatu sikusema kitu, na nikakataza mtu yeyote kumtaja Hamisi mbele yangu. Nilipika, nilifua, nilikwenda matangani na harusini. Watu wakanisifu: Mwanasiti ana subira. Nami nikazipenda zile sifa, Mishi. Nilizivaa kama nguo.

Ila mwili haukusikia sifa. Lilianza tumbo. Chakula kilifika kooni kikasimama, na nilichokimeza kilinichoma mpaka mgongoni. Nikisikia kengele ya baiskeli njiani, moyo ulinipiga hadi masikioni, nikidhani ni mtu wa barua. Nikatokwa na vipele mikononi vinavyokuja asubuhi na kutoweka jioni. Damu yangu ya mwezi ikakatika, nikajidanganya kuwa nina mimba, na haikuwa mimba. Kisha Ijumaa moja ukiwa unanisuka ukanyamaza. Wewe, kunyamaza! Nikakuuliza una nini, ukasema, "Hapana kitu, uzi umenikatikia." Hapakuwa na uzi.

Nilipojipapasa mwenyewe nikakuta nyuma ya kichwa pana mahali pamekuwa laini kama shavu la mtoto, mviringo, upana wa shilingi. Wiki ya pili pakawa pawili. Mwisho nikawa sitoki bila leso mbili kichwani.

Sasa hapa naandika polepole, maana mkono hautaki.

Siku ile uliyokwenda kuchota maji, jua lilikuwa zuri nikasema nitoe magodoro yote nje. Nilipoinua lako nikaona fundo la kitambaa. Nikalifungua. Zilikuwa nywele zangu. Nyingi, Mishi, fundo kama ngumi. Nilizijua kwa ile hina ya Idi.

Ningekuuliza. Bomba halikuwa mbali, na ulikuwa karibu kurudi. Badala yake nikalichukua fundo nikalipeleka nyumba ya pili kwa Bi Rehema. Akalitazama, hakuligusa. "Zimefungwa?" akasema. "Chini ya godoro lake? Basi Mwanasiti, ugonjwa wako umeshaujua."

Nami nilikuwa nikitafuta mtu wa kumlaumu, kwa sababu siku hiyo hiyo ulitimia mwezi wa tano bila barua. Nikatoka, nikakukuta bombani mbele ya wanawake wote, mwanao Zena umembeba kiunoni, ana miezi mitano. Nikakutupia lile fundo miguuni. Nikasema, "Hizi ndizo nywele zangu, mchawi we. Umeshindwa kunitoa kwa mume, sasa wanitoa duniani?"

Ulisema, "Dada Siti." Basi. Ulilitazama lile fundo, ukanitazama mimi, ukageuka. Ndoo yako uliiacha pale pale.

Jioni Bakari aliporudi kutoka bandarini alikuta chumba kimoja hakina mtu. Akaniuliza, "Umemwambia nini?" Nikamwambia. Hakunipigia kelele. Alivaa viatu tena akakufuata Mtongwe, akarudi peke yake, na tangu siku hiyo kila Ijumaa alikuwa akienda kwenu kuwatazama na kurudi bila kunipa habari.

Nilidhani ukiondoka nitapona. Nywele zikazidi. Zilibaki mkononi kama pamba inayochambuliwa. Nyusi nazo zikaanza. Bi Rehema akasema umekwenda nazo nyingine, ndiyo sababu. Nikataka kumwamini, lakini kuna ukweli ambao hata mtu mwenye chuki anauona: ulipokuwa karibu nami nilikuwa naumwa, na sasa uko mbali naumwa zaidi.

Bakari ndiye aliyenipeleka dispensari. Yule dresa anayetibu watu pale, mtu wa Rabai, mpole, akaniuliza jina. Nilipolitaja akaweka kalamu chini.

"Mwanasiti wa Bakari? Mwenye nywele?"

Nikashangaa amezijuaje nywele zangu. Akasema, "Mwenzio alikuja hapa nazo mara tatu, zimefungwa kitambaani. Kila mara fundo kubwa kuliko la kwanza. Aliniambia anaziokota mtoni na mkekani mapema, kabla hujaziona zilivyo nyingi, maana ukiziona utaingiwa na hofu, na hofu itakuzidishia. Akataka dawa. Nikamwambia akulete wewe mwenyewe. Akasema hutaki kutajiwa ugonjwa, anangoja siku utakayokuwa na moyo mzuri."

Nilishika meza, Mishi. Mtoni, yaani ule mto wangu wa kulalia. Ulikuwa ukiingia chumbani kwangu nikiwa nimetoka kuoga, unaokota nywele moja moja, ili nikirudi nione mto safi.

Bakari alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanisogezea kiti.

Dresa akanipima tumbo, akanitazama macho na ulimi, akanisikiliza moyo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mwaka huu umepatwa na nini?" Nikakunjua vidole. Mama. Nyumba. Hamisi. Barua. Nikafika kidole cha tano nikasema, "Na mwenzangu nimemfukuza." Hapo ndipo machozi ya mwaka mzima yaliponitoka mbele ya mwanamume wa watu.

Alingoja. Kisha akasema, "Hukurogwa, mama. Wala huumwi kwa kujisingizia, maumivu yako ni ya kweli. Nimeona wengi tangu vita vianze. Yuko aliyekufa ganzi mkono siku alipoletewa habari ya nduguye. Yuko aliyepanda vipele mwili mzima. Mtu akipatwa na mambo mazito mfululizo na asipate pa kuyatua, mwili nao huugua. Sina dawa ya kupaka ambayo nitakuapia. Nywele huenda zikarudi, huenda zikachelewa. Kula kidogo kidogo, tembea, lala mapema. Na hilo la mwanao usikae nalo peke yako."

Kesho yake nilikwenda Mtongwe kwa miguu. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika mlangoni kwenu yote yakanitoka. Mama yako alikuwa amekaa nje, Zena mapajani, anamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Nikampa shikamoo. Hakuitika.

"Umefuata nini?" akasema. "Nywele hatuna."

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akanionyesha kile kijiko. "Mtoto huyu ana miezi sita. Tangu siku uliyomwita mamake mchawi maziwa yamekatika. Titi limekauka kama la bibi kizee. Hali, halali, ashika kifua asema kinambana. Nenda kamwombe radhi huyu mtoto, maana ndiye uliyemnyang'anya."

Nilisimama pale juani nikijua kuwa ule mzigo ulioniharibu mimi nilikuwa nimeuchukua nikakutwika wewe, nao ukakufanya vile vile.

Ndipo nikasikia sauti yako ndani, dhaifu lakini ni yako: "Mama, mwache aingie. Jua kali, na huyo hana nywele."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, mpaka Zena akashtuka. Niliingia. Ulikuwa umekonda, mifupa ya mabega imetokeza. Nilikaa chini, nikakushika miguu. Ukaivuta miguu yako. "Usinishike miguu," ukasema. "Nina hasira nawe bado. Zitakwisha lini sijui. Lakini kaa. Umekula?"

Nilikaa kwenu siku nne. Mama yako hakunipa hata salamu, lakini sahani yangu alipakua. Wewe ulimrudisha Zena kifuani ingawa hakupata kitu. Mimi nilikupikia uji wa mtama na mchuzi wa nazi, nikakukanda mgongo, na kidogo kidogo tukasemezana. Siku ya nne Zena alinyonya akaacha tone jeupe mdomoni. Ulinionyesha kwa kidole tu. Maziwa yalirudi kidogo kidogo, hayakuwa kama mwanzo, lakini yalirudi.

Na uliporudi Likoni ndipo uliponishika sawasawa. Kila asubuhi ulinipeleka kisima cha mbali, wakati bomba liko karibu, kwa sababu ya kutembea. Njiani ulikuwa ukinitaka nimtaje Hamisi. "Leo niambie alivyokuwa akitambaa." "Leo niambie siku aliyoanguka kutoka juu ya mnazi." Mwanzo nilitamani kukupiga. Kisha nikawa naamka nimeshachagua nitakachokueleza. Siku nyingine nililia njia nzima na watu wakitutazama, nawe ukiwasalimia kama hapana kitu: "Hamjambo? Sisi hatujambo."

Tumbo lilitulia kwanza. Vipele vikaacha kuja. Halafu asubuhi moja ulinitoa leso kichwani ukapiga kigelegele peke yako, jikoni. Zilikuwa zimeota, nyeupe pe, laini kama manyoya ya kifaranga. Ulisema nimekuwa bibi na mtoto mchanga kwa siku moja. Nataka ikumbukwe, Mishi, kwamba zilianza kuota kabla barua haijaja. Hamisi alikuwa bado hajulikani yu hai au amekufa. Hali ya mambo haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa na mtu wa kutembea naye.

Barua ilikuja baadaye, kutoka hospitali ya askari huko Bara Hindi. Hamisi yu hai, ila ameumia mguu. Na aliporudi anachechemea, akawa kila sufuria ikianguka anaruka na jasho linamtoka, wewe ndiye uliyewakataza watoto wa jirani kumcheka, na wewe ndiye uliyemwambia, "Hamisi mwanangu, twende kisimani."

Sasa nikupe habari za tangu uondoke.

Homa ile ya mapafu ilikuchukua kwa siku tano, katika mvua za masika za mwaka huu. Sikupata nafasi ya kuzoea. Siku ya nne, pumzi zikikupanda, ulinifukuza kando ya kitanda nikale. Nilikwenda nikala kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia, nikarudi. Ulikuwa hujaondoka bado, alhamdulillahi.

Wiki tatu baada ya kukuzika, tumbo langu likafunga tena. Moyo ukaanza mbio zake. Na nyuma ya sikio la kushoto nikapapasa nikakuta palaini. Safari hii sikuogopa, au niliogopa lakini nilijua ni nini. Nilimwita Hamisi nikamwonyesha. Nikamwambia, "Huyu ni Mishi. Mwili wangu unamlilia." Akanishika mkono tukaenda kisimani, yeye na mguu wake, mimi na kichwa changu, na Zena, sasa msichana wa miaka sita, mbele anakimbia.

Bakari yeye mgongo ulimshika. Alishindwa kuinama hata kufunga viatu, akaacha kazi, akalala kitandani anautazama ukuta. Dresa alimpima mara mbili asione jeraha. Mimi nikajua. Juzi alasiri niliingia nikakaa mbele yake, upande anaotazama, nikasema, "Nitajie Mishi."

Akasema, "Niache, Mwanasiti."

Nikasema, "Sikuachi. Kitu kimoja tu."

Alijivutia shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Alikuwa akiniwekea maji ya kuoga. Siku zote nikimwambia yamezidi moto. Hayakuwa yamezidi. Nilipenda tu aje kuyapoza."

Basi akalia, Mishi. Alilia kwa sauti mpaka Zena akaja akamwekea mkono kichwani. Sitakudanganya kwamba aliinuka mzima. Mgongo bado unamuuma, anatembea ameshika kiuno. Lakini jana amekaa barazani na wenzake, na leo ameuliza kuna kitoweo gani.

Na siku ya arobaini yako, wanawake walipomaliza kusoma na kabla hawajapewa chakula, nilisimama. Nilisema mbele yao wote kwamba niliwahi kumwita marehemu mchawi pale bombani, na kwamba nilisema uongo, na kwamba zile nywele aliziokota kwa kunihurumia. Nikasema aliyelichukua neno langu la kwanza akalipeleka mbali, alichukue na hili. Bi Rehema alikuwa akitazama ncha ya leso yake. Mama yako alikuwa pembeni, hakuinua uso.

Mama yako alikuja wiki iliyopita, ana kikapu cha muhogo. Nilimpa shikamoo kama nilivyompa miaka yote hii. Akasimama uani, akatua kikapu. "Marahaba," akasema. Halafu akasema, "Lakini umechelewa. Ungeyasema akiwa anasikia."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Kwa sababu ni kweli. Mimi na wewe tulipatana chumbani kwenu Mtongwe, lakini bombani nilikuacha na lile jina miaka yote, kwa kuona haya kwangu, nawe ukapita pale kila siku na ndoo yako. Sijui lilikula nini ndani yako. Dresa anasema homa ya mapafu haichagui. Namwamini, na bado najiuliza.

Zena hajambo. Ameota jino la mbele ambalo lilikuwa pengo. Anauliza habari zako kwa vipande, leo hiki, kesho kile, nami namjibu. Siku moja atakuwa mkubwa wa kutosha, na mtu atataka kumwambia yaliyotokea. Nakuahidi mtu huyo nitakuwa mimi. Sitamwachia Bi Rehema, sitamwachia bibi yake, wala sitayapunguza. Nitamwambia nilivyomwita mamake, na maziwa yalivyokatika, na ni nani aliyenifungulia mlango. Akinichukia nitamwacha anichukie mpaka amalize, na chakula chake nitakuwa nimeshampakulia.

Lala salama, mwenzangu. Mola akupanulie huko uliko.

Dada yako,
Mwanasiti